Mpangaji Katika Nyumba Yake Mwenyewe

Mwezi Mei mwaka 2024 samaki walikuwa adimu hapa Mbeya. Tarehe 15 mwezi huo Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na sisi tuliozoea kupokea migebuka inayopitia Sumbawanga na Tunduma tukabaki tukitegemea magari ya Kyela peke yake. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 20 nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya jiko la mama mdogo, pale Uyole, nikisubiri matenga ya perege ambayo gari lake lilikuwa limechelewa njiani kwa sababu ya mvua za Tukuyu. Nikafungua simu, nikasoma kwamba Red Lobster, mtandao mkubwa wa migahawa ya samaki nchini Marekani, ulikuwa umekwenda mahakamani huko Florida siku moja kabla, kuomba kulindwa dhidi ya wadai wake. Ulikuwa na migahawa 551 nchini Marekani na mingine 27 Kanada, wafanyakazi wapatao 36,000, madeni yaliyozidi dola bilioni 1, na fedha taslimu zisizofika dola milioni 30.

Kilichonishangaza ni namna habari hiyo ilivyosimuliwa. Katika kila kundi la simu nililomo, na hata kijiweni kwa mafundi wa bajaji, ilikuwa kichekesho cha wiki: Wamarekani wamekula kamba mpaka mgahawa umefilisika. Ilisemekana kwamba wenye mgahawa walitoa ofa ya kula kamba bila kikomo kwa dola 20, walaji wakavamia, na kampuni ikaanguka. Sikuweza kucheka pamoja nao. Nilifanya kazi ya kutunza hesabu kwa miaka minane katika migahawa ya samaki iliyokuwa kando ya TANZAM, barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia, nikaiona inakufa mmoja baada ya mwingine, na ninajua kwamba hakuna mlaji hata mmoja, hata awe dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam bila kula, anayeweza kuua mgahawa kwa tumbo lake.

Jina la migahawa ile sitalitaja, na mwenye migahawa nitamwita Mzee, kama tulivyomwita wote. Alikuwa mtu wa Kyela aliyeanza kwa karai moja la kukaangia perege pale njia panda ya Uyole, mahali ambapo barabara ya kwenda Tukuyu na Kyela inaachana na barabara kuu. Baadaye alijenga mgahawa wa matofali katika kiwanja chake, akajenga wa pili Makambako, wanakoteremka abiria wa Njombe na Songea, na wa tatu Iringa, ambako alichukua perege wa Mtera. Mama mdogo alikuwa mpishi wake mkuu kwa miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyenipeleka kwake nilipomaliza masomo ya uhasibu, nikiwa sina hata shati la pili la kazini.

Ukitaka kuijua biashara ya samaki, simama jikoni saa kumi na moja alfajiri gari la Kyela linapofika. Matenga yanashushwa yakidondosha maji ya barafu, na mtu wa kwanza kuyagusa alikuwa Mzee mwenyewe. Alikuwa akimshika mbasa kwa kidole chini ya shavu, anafunua, anatazama wekundu wa matamvua, halafu anamweka juu ya mizani ya bluu iliyobonyea upande mmoja. Mimi naandika uzito. Samaki akishaparwa magamba na kutolewa matumbo anarudishwa juu ya mizani ile ile, naandika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo iliyompangia bei ya sahani, hakuwahi kukisia. Wali ulikuwa wa mchele wa Kyela, ndizi zilitoka Rungwe, na samaki alikaangwa mteja akiwa ameketi, hivyo mabasi yaliyokuwa na dakika ishirini tu yalipiga simu yakiwa bado Igawa.

Niliposoma historia ya Red Lobster nilimwona Mzee ndani yake. Bill Darden alifungua mgahawa wa kwanza mwaka 1968 katika mji wa Lakeland, Florida, ambao hauko ufukweni. Uko bara, kati ya Tampa na Orlando. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza na gumu kutekeleza, yaani kuwaletea watu wa kawaida, walio mbali na bahari, samaki na kambakoche kwa bei ambayo baba wa familia anaweza kuilipa siku ya mapumziko bila kukopa. Hapa kwetu bahari iko mbali sana na maziwa nayo hayako mlangoni, kwa hiyo ninaelewa vizuri kwa nini wazo la namna hiyo liliwagusa watu. Mwaka 1970 kampuni kubwa ya vyakula ya General Mills iliinunua ikiwa bado na matawi machache mno, ikaikuza kwa fedha zake, na mwaka 1995 ikaitenga pamoja na migahawa mingine kuwa kampuni inayojitegemea iliyopewa jina la Darden, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Kwa miaka mingi mpango ule ulifanya kazi. Vilikuwepo vitumbua vyao vya jibini na kitunguu saumu, vilivyoanza mwaka 1992, ambavyo wateja walivifuata kama watu wa hapa wanavyofuata chapati za mahali fulani hata kama chai yake si nzuri. Makosa pia yalikuwepo. Mwaka 2003 walitoa ofa ya kula kaa bila kikomo, wakakuta watu wanarudi kuongeza sahani mara tatu na nne huku bei ya kaa ikipanda sokoni, na kiongozi wa migahawa hiyo akaondoka mwaka huo huo. Walipata hasara, wakasitisha, wakaendelea na kazi. Ninaomba jambo hilo likumbukwe, kwa maana kampuni iliyowahi kujikwaa namna ile na ikasimama haikosi nguvu ya kusimama tena inapojikwaa miaka ishirini baadaye, isipokuwa kama kuna kitu kimeondolewa chini ya miguu yake.

Kitu hicho kiliondolewa mwaka 2014. Wakati huo mauzo ya Red Lobster yalikuwa yakishuka, wawekezaji wa Darden walikuwa wakigombana juu ya la kufanya, na hatimaye migahawa yote ikauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya San Francisco iitwayo Golden Gate Capital kwa dola bilioni 2.1. Ili kupata sehemu kubwa ya fedha hizo, mnunuzi aliuza ardhi na majengo ya migahawa takriban 500 kwa kampuni nyingine ya milki kwa dola bilioni 1.5, halafu migahawa ikasaini mikataba ya miaka mingi ya kuyapanga majengo yale yale iliyokuwa ikiyatumia tangu mwanzo. Yaani aliyenunua ng'ombe alimlipa mwenye ng'ombe kwa fedha za kuuza zizi, na kuanzia siku hiyo ng'ombe akawa analipia mahali pa kulala.

Nimeusoma mpango huo mara nyingi, na kila mara moyo wangu unakuwa mzito, kwa sababu siku hiyo hakuna mteja aliyeona badiliko lolote. Meza zilikuwa pale pale, wahudumu wale wale, vitumbua vya moto vililetwa kama kawaida. Badiliko lilikuwa kwenye daftari peke yake. Mgahawa unaomiliki jengo lake, mwezi ukiwa mbaya, unapunguza manunuzi, unapunguza zamu, unasubiri. Mgahawa uliopanga hauna namna ya kusubiri, maana kodi haitazami kama mabasi yamepita au hayakupita. Na zaidi ya hapo, tawi lililochoka haliwezi tena kuuzwa ili kuokoa mengine. Mkataba unakufungia humo kwa miaka, ukiendelea kulipia viti ambavyo hakuna anayevikalia.

Namba zilizotajwa mahakamani mwaka 2024 zinaeleza yaliyofuata. Kwa mwaka 2023 peke yake Red Lobster ililipa kodi ya pango dola milioni 190.5, na zaidi ya dola milioni 64 kati ya hizo zilikuwa za migahawa isiyofanya vizuri. Hati hizo zilisema pia kwamba sehemu kubwa ya mikataba ilikuwa juu ya bei ya soko. Sasa chukua ile ofa ya kamba iliyofanywa kichekesho. Katika robo mwaka ambayo watu waliila sana, hasara ya uendeshaji ilikuwa dola milioni 11. Ni fedha nyingi na sitaki kuzidharau, lakini mtu akiziweka namba hizi mbili kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kama ambavyo kazi yangu imenizoesha kufanya, ataona mwenyewe ni ipi iliyokuwa ikikata mti na ipi iliyokuwa ikitikisa tawi.

Mzee naye aliuza. Ilikuwa mwaka 2017, na sitamlaumu, maana nilikuwepo na ninajua alivyobanwa. Alitaka kufungua tawi la nne Mafinga, benki ilimtaka riba ambayo aliiona ni kubwa mno, na ndipo akatokea mtu aliyekuwa tayari kununua majengo yote matatu kwa fedha taslimu na kumwacha aendelee na kazi kama mpangaji. Niliingia ofisini kwake jioni na daftari mkononi, nikamwamkia, nikamwomba anipe siku mbili nipige hesabu ya kodi ile dhidi ya miezi yetu mibaya. Alinitazama kwa upole tu.

"Mwanangu," akasema, "jengo halikaangi samaki."

Alikuwa na maana kwamba mtaji umelala kwenye matofali wakati ungeweza kuzunguka kwenye karai, na kwa mtu aliyeanzia kando ya barabara bila hata paa, ilikuwa kauli inayoeleweka. Tawi la Mafinga likafunguliwa. Kwa mwaka mmoja na nusu kila kitu kilionekana kwenda vizuri, na hata mimi nilianza kuamini kwamba niliogopa bure.

Kodi yetu ililipwa kwa mkupuo wa miezi sita, Januari na Julai. Anayeishi nyanda za juu kusini anajua maana ya miezi hiyo miwili. Januari fedha zote za watu zimekwenda kwenye ada na sare za shule. Julai ni baridi kali, usiku abiria hawashuki garini, wanakula mahindi ya kuchoma dirishani na safari inaendelea. Nilikuwa ninaandika mstari wa kodi ya pango kabla ya kuandika mstari wa samaki, na hilo halikuwahi kutokea tangu nianze kazi pale. Mwaka 2020 wasafiri walipopungua kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Makambako tuliuza sahani tisa kwa siku nzima. Tisa. Kodi haikupungua hata shilingi.

Red Lobster ilipigwa na ugonjwa huo kwa namna ile ile, na ilieleza mahakamani kwamba idadi ya wateja wake imeshuka kwa takriban asilimia 30 tangu mwaka 2019 na imerudi kidogo mno. Lakini wakati huo ilikuwa na tatizo jingine, ambalo kwangu ndilo linalosikitisha zaidi, kwa sababu linahusu jiko lenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Thai Union, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa samaki duniani, iliwekeza dola milioni 575 katika Red Lobster na kupata robo ya umiliki wake. Mwaka 2020 kampuni hiyo na wawekezaji wenzake wakachukua sehemu yote iliyobaki. Thai Union ilikuwa ikiiuzia Red Lobster kamba kwa miaka mingi, na sasa muuzaji wa samaki akawa amekaa kwenye kiti cha mwenye mgahawa.

Kwa juu juu jambo hilo linaonekana zuri. Nani asingependa kuwa na ziwa lake mwenyewe? Tatizo ni kwamba muuza samaki na mpika samaki wanatafuta faida mahali tofauti, na wakiwa watu wawili wanaozozana bei kila alfajiri ndipo kila mmoja anabaki mkweli. Hati ya mahakamani ilidai kwamba wauzaji wawili wa kamba waliopakwa unga waliondolewa, Thai Union ikabaki peke yake katika bidhaa hiyo, na gharama ikapanda. Ilidai pia kwamba manunuzi ya kamba hayakufuata tena utaratibu wa kawaida wa kukadiria mahitaji. Thai Union ilikana kufanya kosa, na mimi si hakimu. Ninachoweza kusema ni kwamba mwezi Juni 2023 ile ofa ya kamba bila kikomo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya msimu, ilifanywa kuwa ya kila siku kwa dola 20, na hati hizo zinasema baadhi ya viongozi wa kampuni waliipinga kwa nguvu. Bei ilipandishwa baadaye hadi dola 22, kisha 25, lakini mambo yalikuwa yamekwishaharibika.

Kuhusu ofa yenyewe, kuna jambo ambalo wanaocheka hawalioni kwa sababu hawajawahi kuhudumia meza. Wanafikiri hasara iko kwenye kamba wa ziada. Sisi tulijaribu kitu kama hicho mwaka 2019, Uyole, kila Ijumaa jioni: perege na wali, kula ushibe, bei moja. Nilitunza hesabu ya Ijumaa sita. Samaki wa ziada walioliwa hawakuwa wengi kiasi cha kutisha, maana mtu mzima akishamaliza perege wawili na wali wa Kyela anaanza kuhema. Kilichotuumiza ni viti. Waliokuja kwa ajili ya ofa walikaa saa mbili, wakingoja njaa irudi, wakipiga soga, na ni haki yao kwa kuwa tuliwaalika kwa masharti hayo. Madereva wa malori, ambao kwa kawaida walikula dakika kumi na tano, wakalipa, wakaongeza na chupa kubwa ya maji na samaki wa kufunga kwa ajili ya njiani, walichungulia mlangoni, wakaona hakuna mahali pa kukaa, wakaondoka hadi Igurusi. Wengine hawakurudi hata Jumamosi. Wahudumu wa Red Lobster nao wamesimulia kwamba meza zilishikwa kwa muda mrefu sana na watu waliokuwa wakiagiza sahani moja baada ya nyingine. Mama mdogo ndiye aliyeifuta ofa yetu. Alimwambia Mzee kwamba karai linapumzika wakati mlango umejaa watu, na karai likipumzika usiku wa Ijumaa basi tunachoma mkaa kuota moto.

Mzee naye alimpata Thai Union wake, mdogo kwa kadiri ya biashara yetu. Kodi ilipotubana alianza kuchukua samaki kwa mkopo kutoka kwa msambazaji mmoja mwenye mafriza makubwa mjini, na deni lilipokua, msambazaji akaweka sharti kwamba tusinunue mahali pengine. Perege wakawa wanafika wamegandishwa, wote wa ukubwa mmoja, wakiwa wamekwishaparwa. Mbasa akatoka kwenye ubao wa vyakula. Sikumbuki siku yenyewe, ila ninakumbuka kwamba mizani ya bluu iliwekwa juu ya kabati kwa kuwa haikuwa na kazi. Uzito ulikuwa umeandikwa tayari kwenye boksi, na ukimyeyusha samaki ukampima unakuta sehemu ya uzito ule ilikuwa barafu. Nilimwonyesha Mzee. Alisema anajua.

Wateja wetu wa miaka mingi hawakugomba. Walikula nusu, wakashukuru, wakatoka. Mama mmoja mtu mzima wa Kyela, aliyekuwa akishuka kwetu kila anapokwenda kwa wanawe Iringa, alimwita mama mdogo akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa jikoni.

Thai Union ilitangaza Januari 2024 kwamba inajiondoa Red Lobster, ikafuta vitabuni zaidi ya dola milioni 500 za uwekezaji wake. Mwaka wa fedha wa 2023 mgahawa ulikuwa umepata hasara ya dola milioni 76. Mwezi Mei, siku chache kabla ya kwenda mahakamani, makumi ya migahawa ilifungwa kwa ghafla, na vifaa vyake vikapigwa mnada mtandaoni kwa utaratibu ambao mshindi anachukua vyote vilivyomo: majiko, majokofu, viti, hadi matangi waliyokuwa wakiogelea kambakoche. Baadhi ya wafanyakazi walijua siku hiyo hiyo. Red Lobster ilikuwa ikihudumia wateja milioni 64 kwa mwaka na kununua moja ya tano ya mikia yote ya kambakoche wa Amerika Kaskazini, kwa hiyo ilipoyumba walioumia hawakuwa wahudumu peke yao. Kuna mvuvi mahali fulani aliyekuwa akitega mitego yake kwa kuhesabu sahani hizo, kama vile vijana wa Matema walivyokuwa wakihesabu simu ya Mzee.

Mnada wetu ulikuwa mwaka 2021, siku ya Jumamosi, mbele ya jengo la Uyole. Mwenye jengo aliyashikilia majiko mawili kwa ajili ya kodi iliyobaki, msambazaji akachukua friza zote, na wafanyakazi 34 wa matawi manne tuligawana kilichosalia, ambacho kilitutosha kwa mshahara wa wiki tatu. Mzee alikaa kwenye benchi akimshukuru kila mtu kwa jina, na alipofika kwangu alinishika mkono muda mrefu bila kusema neno. Nilinunua mizani ya bluu. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Red Lobster haikufa kabisa, na ninafurahi kwa hilo. Mwezi Septemba 2024 mahakama iliruhusu itoke ikiwa na wamiliki wapya na migahawa takriban 545, madeni yakiwa yamepunguzwa na mikataba ya baadhi ya majengo ikiwa imevunjwa, jambo ambalo bila ulinzi wa mahakama lisingewezekana. Kiongozi mpya ni Damola Adamolekun, mzaliwa wa Nigeria, ambaye alikabidhiwa kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 35. Ninamfuatilia kwa karibu na ninamwombea. Lakini ardhi ile haikurudi, na sehemu kubwa ya migahawa inaendelea kulala katika zizi la watu wengine.

Mama mdogo alifungua mgahawa wake mwaka 2022 katika kiwanja alichorithi kwa marehemu baba mdogo, si mbali na pale palipokuwa pa Mzee. Una meza nane. Mwezi Februari mwaka uliofuata alikuja mtu mstaarabu sana, mwenye gari safi na maneno mazuri, akala samaki, akamsifu mpishi, kisha akaeleza kwamba yuko tayari kukinunua kiwanja kile na kumwachia apange kwa bei nafuu, ili apate mtaji wa kufungua tawi Mwanjelwa na jingine Tunduma. Alikuwa amekuja na karatasi zilizochapwa tayari. Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea mchuzi, akamwomba muda wa kuzungumza na watoto.

Usiku ule tulikaa jikoni mpaka mkaa ukazima. Nilimwandikia namba zote: kiasi atakachopata, kodi ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa tano, sahani anazopaswa kuuza Januari, sahani alizouza kweli Januari iliyopita. Sikumshauri chochote, kwa kuwa ni kiwanja chake na kazi yake, na kwa kuwa yeye alikuwepo Uyole siku ya mnada kama mimi. Aliishika karatasi ile karibu na macho, akapitisha kidole kwenye kila mstari kama anavyotafuta miiba kwenye mnofu wa mbasa, halafu akaikunja na kuiweka chini ya kopo la chumvi. Asubuhi alimpigia simu yule mtu, akamshukuru kwa heshima zote, akamkaribisha kula siku yoyote.

Gari la Kyela lilifika saa kumi na moja na robo. Nilikuwa nimenunua daftari jipya na nilikuwa nimelichora safu zake usiku, kwa mazoea, kama nilivyochora madaftari ya Mzee. Mama mdogo aliweka mbasa wa kwanza juu ya mizani, akasoma kilo mbili na robo, akasubiri niandike, kisha akachungulia begani kwangu na kuuliza ile safu ya mwisho upande wa kulia ni ya nini. Nikamwambia ni ya kodi ya pango.

"Andika barafu hapo," akasema, na kumfuata samaki wa pili kwenye tenga.